Patssi Valdez alikuwa wa nne

Ndugu Mhariri,

Ni mwaka wa kumi na tisa nalisoma gazeti lako, na sijawahi kukuandikia. Ile makala ya Jumamosi kuhusu Asco, kundi la wasanii la East Los Angeles, Marekani, imenishinda kunyamazia.

Mwandishi wako amewataja Harry Gamboa, Gronk na Willie Herrón, kisha chini ya picha akaandika "na mrembo mmoja". Mrembo huyo ana jina: Patssi Valdez. Marafiki hawa wanne, Wachikano kama wanavyojiita wenyewe, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walisoma shule moja ya Garfield, wakaunda kundi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gamboa amesimulia kwamba alipouliza kwa nini jumba la sanaa la Los Angeles County halina kazi za watu wao, msimamizi alimjibu kuwa Wachikano hawafanyi sanaa, wao ni wa magenge. Usiku mmoja wa 1972 wale wanaume watatu wakaandika majina yao kwenye jengo hilo kwa rangi ya kupuliza. Asubuhi Gamboa akampiga picha Patssi amesimama juu ya majina hayo, kabla hayajafutwa. Jina lake halikuwamo ukutani. Sasa na gazetini halimo! Na huyu ndiye sura ya zile picha zao za filamu ambazo hazikuwahi kutengenezwa, walizozibuni kwa sababu Hollywood, jirani yao, haikuwa na nafasi ya watu kama wao. Leo michoro yake ipo Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Mrembo!

Linaniuma kwa sababu yamenikuta. Mwaka 1998 tulikuwa wanne, wavulana watatu na mimi, tukachora ukuta wa zahanati moja, siku kumi na moja juu ya ngazi. Siku ya uzinduzi nakuta kibao kina majina matatu. Kuuliza, naambiwa: "Wewe si ulikuwa unawakorogea rangi?" Mama na mtoto mgongoni niliwachora mimi! Usiku mwenzetu mmoja, sasa marehemu, akarudi na msumari akalichonga jina langu kwenye plasta, chini ya kibao. Limo hadi leo.

Halafu hizo picha zenu, kila siku "kwa hisani ya mtandao". Mtandao haushiki kamera.

Naomba picha ile irudiwe Jumamosi ijayo, ukurasa uleule, ukubwa uleule, majina manne chini yake, la Patssi likitangulia, na jina la mpiga picha. Msitumie zile herufi ndogo za matangazo ya zabuni.

Msomaji wako,
Tanga