Kompyuta Yangu Nzima, Nani Kasema Imezeeka?

Mhariri,

Salamu kutoka Tanga. Mie ni mwalimu mstaafu, nina kisteshenari changu hapa Ngamiani, kazi zetu mnazijua, fotokopi, kuprinti, kuskani vyeti, picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo ukifika ndo hatulali, vijana wanajaa mpaka barazani kila mmoja na bahasha yake. Nina mashine tano. Nne ni desktopu za HP na Dell nilizonunua used Kariakoo mwaka 2023, ya tano ni ya zamani zaidi, tunaiita Bibi, hiyo ntaisema baadae.

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu nitoe dukuduku langu maana nimelisema dukani mpaka wateja wamechoka, na mume wangu sa hivi akiniona nafungua mdomo tu anachukua redio yake anahamia uani.

Lilianza hivi. Alasiri moja alikuja mzee mmoja wa Pongwe na flashi, ndani kuna barua ya mambo ya mirathi, anataka kopi sita. Nachomeka, nafungua, kabla sijabonyeza printi kioo chote kikageuka likatokea tangazo kubwa la kampuni ya Microsoft, linanishukuru kwa uaminifu wangu kwa Windows 10, ile programu yao inayoendesha kompyuta, halafu chini yake linaniambia sapoti, yani apdeti za kuilinda na virusi, inakwisha 14 Oktoba 2025 na kompyuta hii haina sifa ya kwenda Windows 11. Mzee akavaa miwani akasogea. "Mwalimu, inasemaje hiyo?" Nikamfasiria. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hiyo talaka mwalimu, tena ya kiungwana, imeanza na shukrani."

Kopi zake sita zikatoka safi, akalipa akaenda zake. Mie nikabaki naitazama ile mashine. Inawaka kwa sekunde ishirini, haipigi kelele, kila mwisho wa mwezi naifungua naipuliza vumbi kwa bulowa maana hewa yetu ya bahari huku mnaijua, ukizembea kidogo vyuma vinaota kutu. Sasa hiyo sifa iliyokosa ni sifa gani?

Nikamwita fundi wangu, kijana nnayemwamini, akaja akabofya bofya akaniambia, "Mama, ramu unayo, GB 8, Microsoft wanataka 4 tu. Diski nimekuwekea SSD, ile ya kasi, kwa mkono wangu. Tatizo prosesa, ubongo wa kompyuta. Hii ni Intel ya kizazi cha sita, wao wanaanzia cha nane kwenda juu, na wanataka na kitu kinaitwa TPM 2.0." Hiyo TPM akanieleza ni kisehemu cha kutunza funguo za siri za kompyuta, ili hata mashine ikiibiwa mwizi asipate kirahisi vilivyomo. Sawa, nimeelewa, siyo kwamba wametunga tu. Lakini hebu tupige hesabu kidogo, na mie nimefundisha hesabu miaka 31. Prosesa za Intel za kizazi cha saba zilijaa madukani Januari 2017. Windows 11 imetoka Oktoba 2021 ikazikataa karibu zote. Yani mtu aliyekwenda dukani 2017 akanunua kompyuta mpya ya boksi, plastiki haijatolewa, alikaa nayo miaka minne tu akaambiwa yako haimo. Kuna watu hapa mtaani wana baiskeli za Phoenix walizorithi kwa baba zao na tairi bado wananunua.

Na kinachoniudhi zaidi, Windows 10 yenyewe ilipotoka Julai 2015 mfanyakazi wao mmoja alishasimama mkutanoni miezi michache nyuma akasema hii ndo Windows ya mwisho, baada ya hapo ni apdeti tu. Sisi huku tukaamini. Kumbe ya mwisho ilikuwa na ndugu yake tumboni.

Nikampigia simu yule bwana wa Kariakoo aliyeniuzia. Zile mashine nne alinipiga laki tatu na nusu kila moja pamoja na kioo, na maneno yake nayakumbuka, "Mama hizi utazitumia mpaka uchoke mwenyewe." Nikamwambia baba yangu, umeniuzia kitu ambacho muda wake ulikuwa unajulikana kwamba unakwisha, mbona hukunambia? Akanijibu kwa upole kabisa, "Kwani mama haziwaki?" Zinawaka. "Sasa?" Nikakosa la kusema, nikakata simu. Na kwa kweli simlaumu sana, nadhani hata yeye hajui, yeye anauza kwa muonekano, anafuta kava, anabandika stika ya prosesa ya i5, basi.

Lakini hapo ndo penyewe mhariri. Paketi ya maziwa ya Tanga Fresh, kitu cha kunywa leo na kesho, ina tarehe ya mwisho imepigwa pale ubavuni. Panadol ina tarehe. Soda ina tarehe. Kompyuta ya laki tatu na nusu haina, na siyo kwamba tarehe haipo, ipo, imeandikwa kwenye tovuti ya kampuni miaka na miaka kabla, ila haifiki kwenye boksi, haifiki Kariakoo, haifiki kwangu Ngamiani, inanifikia siku inanitokea kwenye kioo mbele ya mteja.

Na nimewaza jambo jingine usiku nikiwa sina usingizi. Hizi used tunazonunua zinatoka wapi? Zinatoka maofisini huko Uingereza, Marekani, wapi na wapi. Ofisi kubwa ikijua mashine zake haziendi Windows 11 inafanyaje, si inazitoa zote kwa mkupuo inanunua mpya? Na zikitolewa zinakwenda wapi, si ndo hizo zinapangwa kwenye meza za Kariakoo tunaambiwa mzigo mpya umeingia, bei imeshuka! Imeshuka ndiyo. Kwa hiyo wewe mwananchi unayejibana unanunua mtoto wako wa chuo laptopu ya HP EliteBook 840 G3, nzuri, nyembamba, ya chuma, ukigeuza ndani ni kizazi cha sita. Ungeongeza hela kidogo ukapata G5 mara nyingi ungekuta cha nane na Windows 11 inaingia bila shida. Nani alikwambia tofauti hiyo? Hakuna. Nimeona vijana watatu msimu huu huu wamekuja kwangu na hizo G3 mpya kwao, najua hela imetoka kwa mama anayeuza mihogo, nikashindwa hata kuwaambia.

Watu wa kampuni watasema mbona tumetoa njia, lipa upate apdeti za usalama mwaka mmoja zaidi. Nimeisoma hiyo. Kwa mtu wa nyumbani ni dola 30 mpaka Oktoba 2026, au unapewa bure ukikubali kuingia na akaunti yao na kupandisha mipangilio ya kompyuta yako kwenye mtandao wao. Ila ukiwa na kompyuta ya biashara, na mie steshenari ni biashara, ni dola 61 kwa mashine moja kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inazidishwa mara mbili, wa tatu mara mbili tena. Mashine nne hapo mwaka wa kwanza tu ni dola 244, zaidi ya laki tano na nusu za kwetu. Fotokopi moja naitoza shilingi mia. Pigeni hesabu wenyewe mie nimestaafu.

Na Ulaya mwajua walifanyaje? Vyama vya kutetea watumiaji vilipiga kelele na mwezi Septemba 2025 kampuni ikalegeza, watu wa majumbani kule wakapewa huo mwaka bure bila sharti la kupandisha mipangilio. Kwa hiyo inawezekana, ila uwe na mtu wa kukupigia kelele. Sisi tuna Tume ya Ushindani, FCC, sheria ya mwaka 2003 imewapa na kazi ya kumlinda mlaji, na tunawaona wakikamata vitu feki, vizuri, hongera zao. Ila kitu halisi kinachouzwa kikiwa kimebakiza miezi nacho si kinamuumiza mlaji vile vile?

Wapo watakaosema, mwalimu si uendelee kutumia tu, mashine haizimiki. Ni kweli haizimiki, wengi ndo wanachofanya, na na wengine Windows yenyewe ni ya kukraki, haikulipiwa, hivo hata hawajali apdeti. Lakini mie kazi yangu ni flashi za watu. Kwa siku zinaingia flashi thelathini arobaini, zimetoka vyuoni, maofisini, kwenye simu za gongo la mboto huko sijui wapi, na nishapata kale kavirusi ka shotikati, unafungua flashi ya mtu mafaili yote yamegeuka vishale vidogo, dada wa watu thisisi yake yote hakuna, analia mbele yangu mpaka fundi akaja kuyafichua. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia hospitali za Uingereza wakaahirisha mpaka upasuaji, na dawa yake ilikuwa ishatolewa kwenye apdeti ya Machi, walioumia ni wale hawajaiweka. Sasa hao apdeti ilikuwepo wakachelewa. Mie nisipolipa naambiwa haipo kabisa. Na humu nnaskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vya watoto wa watu.

Fundi akaniletea njia mbili. Ya kwanza njia ya panya, unaiweka Windows 11 kwa kuruka ule ukaguzi, nikajaribu mashine namba mbili, imeingia na inakwenda vizuri tu, jambo ambalo limenipa hasira zaidi maana kumbe inaweza! Ila kampuni wanasema wazi mashine ya namna hiyo hawaihakikishii apdeti, kwa hiyo nakaa nayo kama mgeni asiye na kibali. Ya pili akaniwekea Linux Mint, programu ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, mashine namba nne. Hiyo ni bure, nyepesi, na apdeti zinakuja kila wiki hakuna anayekuuliza umri wa prosesa. Nimeipenda, nasema ukweli. Tatizo ni dukani. Mteja anakaa anauliza Word iko wapi, namwambia tumia hii LibreOffice ni kama Word, anafungua CV yake aliyoipangilia wiki nzima jedwali limehama, picha imeshuka ukurasa wa pili, anainuka anakwenda kwa jirani. Na printa yangu kubwa ilichukua siku mbili kuelewana nayo, skana mpaka leo bado wananuniana. Kwa nyumbani kwa mtu wa kuandika na kuangalia intaneti namshauri kabisa aijaribu. Kwa steshenari bado tunabembelezana.

Kijana wa skrepa naye alisikia habari, akaja na mizani yake. Akaitazama ile Dell namba tatu, ile ya kopi za mirathi, akanitajia bei ya kilo. Nikamwambia toka barazani kwangu.

Nnachotaka mie ni kidogo. Auzaye kompyuta, mpya au used, aandike kwenye risiti hii ni kizazi cha ngapi na sapoti yake inakwisha mwaka gani. Mstari mmoja tu. Hao FCC wakiusimamia huo mstari, mnunuzi ataamua mwenyewe kama bei ya bwana wa Kariakoo ni halali au la. Na mwandishi wenu wa teknolojia atuwekee jedwali gazetini, prosesa hii ndiyo, hii siyo, watu wakate wabandike ukutani.

Nilisema ntaizungumzia Bibi. Bibi ana Windows 7, sapoti yake ilikata Januari 2020, na mwaka 2023 Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti, nayo ikaacha kumpa toleo jipya, ikawa kila tovuti akiifungua anaambiwa yeye wa zamani mno. Nimemtoa kwenye intaneti, simchomeki flashi ya mteja, nimempa kazi ya kuchapa tu. Barua hii nimeichapa kwake asubuhi hii kabla sijafungua duka, nikaihamisha kwa flashi yangu mwenyewe, nikaituma kwa simu.

Mwenye steshenari
Ngamiani, Tanga
(jina langu naomba mlihifadhi, bwana wa Kariakoo bado nanunua wino kwake)