Mtoto akishatimiza miaka mitano, nani anamlipia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo mimi, mwalimu wa darasa la pili wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, nakutana nalo kila mwaka.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya serikali, na msamaha huo umewafaa wengi. Tatizo ni kwamba unakoma pale mtoto anapokaribia kuanza shule, na kama wazazi wake ni wakulima wa mtama wasio na bima, tangu hapo akiugua hutazamwa kwanza fedha iliyopo nyumbani.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyependa kukaa nyuma, shavu ameliegemeza kiganjani, nami nikamdhania mvivu. Siku moja nilipoinama kukagua daftari lake nilisikia harufu, nikaona usaha uliokauka kutoka sikioni hadi kwenye ukosi wa shati. Mama yake alinieleza kwamba sikio lilianza kuuma tangu wakati wa mvua, naye akawa analitia mafuta ya vuguvugu huku wakisubiri wauze alizeti ndipo wampeleke zahanati. Maambukizi ya sikio yakiwahiwa hupona kwa dawa. Yakiachwa kwa miezi, ngoma ya sikio huweza kutoboka na usikivu ukapungua. Mtoto yule alikuwa hanisikii, na mimi nilikuwa nikimkemea. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kaya yenye kadi ya bima haingoji mavuno ili mtoto atibiwe. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza mwaka 2018, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ni nafuu, ila huku kwetu zipo nyumba zenye watoto sita au saba, na mzazi hulazimika kuchagua nani aandikwe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Naziomba mamlaka zianze na watoto wa shule za msingi kutoka kaya maskini ambazo TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imekwisha kuzitambua, na zimwandikishe kila mtoto wa kaya hizo bila kujali idadi yao. Kwa kaya nyingine, michango ihimizwe Juni na Julai, wakati wakulima wana mazao ya kuuza.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Chamwino, Dodoma