Tortilla haikuletwa na Wahispania

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mapishi ya Meksiko iliwapa Wahispania sifa ya tortilla ya mahindi, ile chapati nyembamba ya Meksiko. Nimefundisha sayansikimu hadi kustaafu, na jambo hili siwezi kulinyamazia. Wahispania walileta ngano, mchele, nguruwe na jibini. Mahindi yalikuwapo maelfu ya miaka kabla yao, pamoja na ujuzi wa kuyaandaa.

Ujuzi wenyewe ni huu: mahindi makavu huchemshwa katika maji ya chokaa, hulazwa humo usiku kucha, huoshwa maganda yatoke, kisha husagwa yakiwa na unyevu juu ya jiwe liitwalo metate. Chokaa hulainisha punje na kufanya donge lishikamane. Tena, na hili ndilo kubwa, huifungua niasini, vitamini ambayo bila hatua hiyo mwili huipata kidogo mno kwenye mahindi.

Ulaya ilichukua mbegu, ikaacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliwaona wakulima maskini wa Asturias, Hispania, walioishi kwa mahindi, ngozi zao zikiwa zimeharibika. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra, unaotokana na ukosefu wa niasini, ambao baadaye uliwatesa sana wakulima wa Italia kaskazini. Wanawake wa Meksiko walikuwa na kinga yake jikoni karne nyingi kabla!

Hata tamales (vifurushi vya mahindi vinavyopikwa kwa mvuke) za sikukuu ya Kikristo ya Candelaria, 2 Februari, hutengenezwa kwa donge hilohilo. Naomba mchapishe masahihisho.

Mwalimu mstaafu