Monita mbili za inchi 27, bei mbili: tofauti iko kwenye kioo

Haipiti wiki bila mtu kusimama kaunta, simu mkononi, akituonyesha monita ya inchi 27 aliyoiona kwingine kwa bei ya chini kuliko yetu. "Inchi ni zilezile, ninyi mbona mnatupiga?" Safari hii alikuwa mteja aliyekwisha nunua kwetu, na alirudi na boksi lake akiwa amevimba kweli kweli. Jirani yake kanunua ya bei nafuu, na usiku wakizima taa ile ya jirani ni nyeusi tii, ya kwake inaonyesha weupe kwenye kona. Basi sisi tumemuuzia mbovu.

Tuliiweka mezani, tukazima taa za chumba, tukaweka picha nyeusi skrini nzima. Ni kweli, kona ya chini kulia ilikuwa na weupe unaoelekea umanjano. Tukamwomba asogeze kichwa kulia, kisha arudi nyuma hatua moja. Weupe ukahama, kisha ukafifia. Kwa fundi, hapo jibu limeshapatikana: huo ni mng'ao wa IPS, mojawapo ya aina za kioo cha monita, na kila kioo cha IPS kinao, kikubwa au kidogo. Mwanga unaovuja kwa sababu fremu imekibana kioo vibaya hauhami hata ukizungusha shingo mpaka ichoke, unabaki palepale. Ile picha aliyopiga kwa simu nayo ilimkuzia tatizo, maana kamera ikiwa gizani huongeza mwanga yenyewe. Jirani alikuwa na VA, aina nyingine ya kioo. Ukubwa mmoja, vioo viwili tofauti kabisa.

Tuanze na neno "LED", kwa sababu ndilo linalouza uongo mwingi. Watu wanatuambia "sitaki LCD, nataka LED". LED ni taa ya nyuma tu. Mbele yake bado kuna LCD, fuwele zinazojipanga kupitisha mwanga au kuuzuia. Zamani nyuma kulikuwa na mirija ya floresenti, sasa kuna LED, basi. Muuzaji akikutajia LED bila kukuambia ni TN, IPS au VA, hajakutajia kioo.

TN ndicho kioo cha bei ya chini, na ndicho kinachoturudishia wateja wenye hasira kuliko vyote. Kina wepesi wake, wachezaji wa gemu wamekipenda miaka mingi. Lakini jaza skrini nzima rangi moja ya kijivu, kaa wima mbele yake, uangalie: juu kuna giza, chini kumepauka. Hujahama kitini. Kioo hicho hubadilisha rangi jicho likikitazama kutoka juu au kutoka chini, na kwenye monita kubwa jicho lako linatazama ukingo wa juu kwa pembe tofauti na ule wa chini. Dada mmoja mbunifu wa matangazo alikuwa anahangaika na nembo ya mteja wake: akiisogeza juu ya ukurasa rangi inakuwa nzito, akiishusha inafifia. Alishabadilisha programu, akaweka Windows upya, akamlipa mtu wa kuchapa mara mbili kwa rangi isiyo sahihi. Kompyuta yake haikuwa na kosa lolote.

Kuna jingine ambalo watu hawalifikirii kabisa. Wanaosoma nyaraka ndefu hupenda kuisimamisha monita wima. Ukiisimamisha TN, ule udhaifu wa juu na chini unageuka kuwa wa kushoto na kulia, na jicho moja linaona rangi hii, jicho la pili linaona ile. Mwanasheria mmoja alituambia kichwa kinamuuma tangu aisimamishe monita, akadhani anahitaji miwani. Tulimwekea IPS kwenye stendi ileile aisome palepale dukani. Hakuirudisha ile ya zamani mezani kwake.

IPS ndiyo tunayompa mtu wa ofisi asiyejua achague nini, na ndiyo inayotuletea malalamiko ya bei. Wengine wanadhani tunawatoza kwa sababu ni teknolojia mpya. Si mpya, Hitachi waliingiza IPS sokoni mwaka 1996. Unacholipia ni rangi kubaki ileile ukiwa umekaa pembeni, ukiinama, au mkiwa wawili mnaangalia hesabu moja. Udhaifu wake ni weusi. Kontrasti, yaani nyeupe inavyoizidi nyeusi kwa mwanga, kwa IPS ya kawaida ni kama 1000:1, kwa hiyo nyeusi yake gizani ni kijivu kizito. Zipo IPS za karibuni zinazofika 2000:1, na bei yake nayo inapanda. Mtu anayefanya kazi mchana kwenye chumba chenye mwanga hataona kasoro hiyo hata siku moja.

VA inaanzia kama 3000:1 na kupanda. Nyeusi yake ni nyeusi, filamu zinapendeza, na monita nyingi za kupinda ni VA. Ila pikseli zake zinachelewa kutoka kwenye giza. Kijana mmoja mwandika programu, mpenzi wa mandhari meusi yenye herufi nyeupe, alilalamika kwamba akishusha ukurasa haraka maandishi yanaacha mkia, kama wino uliokokotwa na kidole kabla haujakauka. Alishatuandikia maneno makali kabla hatujaiona monita yenyewe. Tulipowasha mandhari meupe mkia ukatoweka mbele yake. Kwake tunashauri IPS. Mhasibu anayekaa kwenye Excel nyeupe kutwa, na jioni anataka filamu kwenye chumba chenye giza, VA inamfaa sana, na hapo sisi wenyewe tunamwambia asiongeze pesa.

OLED haina taa ya nyuma, kila pikseli inajiwashia mwanga, kwa hiyo nyeusi yake ni giza lenyewe. Inapendeza mno na tunaiuza. Ila kwa kazi ya kutwa nzima tunauliza maswali kwanza, maana kitu kisichosogea, kama ule mstari wa programu chini ya skrini, kinaweza kuacha kivuli cha kudumu. Nyingi zimepanga pikseli ndogo kwa namna inayoacha ukingo wa rangi kwenye herufi, nawe unasoma herufi siku nzima. Ukiitaka, ficha huo mstari, weka skrini izime mapema, na soma waranti yake inasemaje kuhusu kivuli hicho. Si zote zinakifidia.

Sasa njia ya mkato inayotuchosha: televisheni. "Inchi 43, bei ya monita ya 27, nifungulieni tu kwenye kompyuta." Tunafungua. Herufi nyekundu kwenye bluu zinatoka na ukungu, kwa sababu televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi ili picha ipite kirahisi. Filamu haionyeshi tofauti, maandishi yanaonyesha. Wakati mwingine dawa ni kubadilisha jina la ile HDMI liwe "PC" kwenye menyu, tukifanya hivyo mteja anatushukuru na kuondoka, na hatumtozi. Wakati mwingine haiponi. Kuna aliyekuja na televisheni yake ya 4K analia kwamba kipanya kinakokota miguu. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Alinunua adapta, akanunua waya, akanunua kadi ya picha, na mwisho akanunua monita. Jumlisha mwenyewe.

Kwenye boksi, usisome "1 ms" (kasi ya pikseli kubadilika) wala "kontrasti 1,000,000:1". Ya kwanza hupimwa kwenye mpangilio mkali ambao ukiuwasha picha inaacha vivuli vya kinyume, na ya pili, kwa kioo cha LCD, inapatikana kwa kuzima taa ya nyuma. Soma pembe za kutazamia. Kwa LCD, zikiandikwa 178/178, ni IPS au VA. Zikiandikwa 170/160, ni TN, hata kama boksi limepambwa namna gani. Ukikuta rangi zimeandikwa "72% NTSC" (NTSC ni kipimo cha wingi wa rangi), hiyo inakaribia sRGB kamili, kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta, na inatosha kwa picha za mtandaoni. "45% NTSC" iache, nyuso za watu zitaonekana zimepauka.

Na usinunue inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 kwa kazi ya maandishi. Utahesabu vidoti. Kwa ukubwa huo anzia 2560 kwa 1440, au rudi kwenye inchi 24.

Bei yetu ina kazi ndani yake. Kila monita tunaifungua, tunaiacha iwake nusu saa ipate joto, halafu tunapitisha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, fundi akitafuta pikseli iliyokufa kwa macho yake. Monita ya 2560 kwa 1440 ina pikseli zaidi ya milioni 3.6, na viwanda vingi vinaruhusu chache kati yake ziwe mbovu bila kukubadilishia. Sisi yenye doa katikati ya skrini haitoki dukani. Anayeuza boksi likiwa limefungwa ana haki ya kuuza rahisi.

Ukija, tuambie unafanya kazi gani, chumba kina mwanga kiasi gani, skrini utailaza au utaisimamisha, na njoo na picha ya matundu ya nyuma ya kompyuta yako. Ukiona weupe kwenye kona baada ya kununua, fanya lile jaribio la kusogeza kichwa kwanza. Weupe ukihama, ni tabia ya kioo na hatubadilishi. Usipohama, leta na boksi lake, tunakupa nyingine.