Jumamosi: zoezi la kupinga hoja kwa Kiingereza

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tutakutana saa 10 jioni, si saa 9 tena, kwa simu ya video ya kikundi. Maliza kusoma hadithi, maana tutabishana: je, binti alikosea kuificha ile barua?

Tunajizoeza kupinga kwa heshima. "You're wrong" (umekosea) inakata mazungumzo. Anza na "I see your point, but..." (naelewa hoja yako, lakini...) au "I'm not sure I agree" (sina hakika kama nakubali), kisha taja tukio la hadithini linalounga mkono hoja yako. Hapo kwenye sababu ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo:

1. Andika sababu mbili.
2. Chagua upande usioupenda. Ndio unaofundisha zaidi.

Tafadhali nijibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Ijumaa usiku. Mnaoona haya kuongea, njooni hivyo hivyo, tutakwenda polepole.