Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Minara ya Taa

Wanachama wenzangu, hamjambo. Ajenda ni ndefu na wengi wenu mna matatu ya kuwahi, kwa hivyo mambo ya ofisi nitayapitia mbio. Wanachama wapya wamepokelewa, hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atawasomea mwenyewe. Ada zinaingia kwa kusuasua kama kawaida yetu.

Mihadhara ndiyo iliyotupa uhai. Mliamua tuiache reli kidogo, mada yetu ya kawaida, tutazame bandari za maziwa na minara yake ya taa za kuongoza meli. Nilikuwa na shaka. Nani Nairobi, mji usio na ziwa wala bahari, angeitoa Jumamosi yake kwa habari za taa ya Chicago, Marekani? Mlijaa hadi tukaazima viti kwa majirani.

Kilichowanasa wengi ni mnara wa kwanza wa mji huo, mlangoni mwa mto uliokuwa ukiingia Ziwa Michigan. Ulijengwa mwaka wa 1831. Kuta zikaanza kupasuka, watu wakanung'unika, mkandarasi akashikilia kwamba hakuna hatari, na mwezi wa Oktoba ukaporomoka kabla taa haijawashwa. Ukumbi ulicheka, kicheko cha watu wa Nairobi wanaoyajua magorofa yao. Mwingine, mfupi zaidi, ulisimamishwa mwaka wa 1832.

Mnara unaoonekana sasa ulijengwa mwaka wa 1893, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia mjini humo. Lenzi yake ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya mnara wa Point Loma, California, ikaonyeshwa kwanza Chicago, kisha ikawekwa kwenye mnara huo wa Chicago. Ni lenzi ya aina aliyoibuni Augustin Fresnel, na ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka wa 1823. Si bonge moja la kioo. Ni pete za prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyopinda mwanga, zilizopangwa kuizunguka taa, zinazoudaka mwanga ambao ungepotelea juu na chini, zikauelekeza wote majini. Bandari ilipopanuka, mnara ulihamishwa mwaka wa 1919 ukawekwa kwenye ukuta wa kukinga mawimbi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, tulijifunza zaidi kwa walinzi wa taa kuliko kwa minara. Mafuta yalibadilika Marekani kote: ya nyangumi, kisha ya nguruwe, mwishowe mafuta ya taa haya haya tunayoyajua. Kazi haikubadilika. Kila siku kupunguza utambi, kufuta masizi kwenye kioo, kupandisha mafuta kwa ngazi. Utambi ukikatwa vibaya, moshi unatanda kwenye lenzi ya thamani kubwa na nahodha haoni kitu. Wakati wa baridi kali ziwa liliganda, meli zikasimama, na taa nyingi zikazimwa hadi majira ya kuchipua.

Kisha akaja Gustaf Dalén wa Uswidi, na hapa mafundi wetu waliuliza maswali mpaka mlinzi wa ukumbi akaanza kutikisa funguo. Vali yake ya jua, kifaa cha kuwasha na kuzima taa bila mtu, ina fimbo nyeusi iliyozungukwa na fimbo zinazong'aa. Mchana ile nyeusi inafyonza joto, inarefuka, inafunga gesi ya asetilini. Giza likiingia inafupika na gesi inapita. Mwaka wa 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na mwaka huo huo mlipuko ulimpofusha. Taa ya Chicago yenyewe ilianza kujiendesha mwaka wa 1979.

Nyumbani, reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikikuta meli William Mackinnon imeshateremshwa majini mwaka uliotangulia, baada ya vipande vyake kusafirishwa kutoka Uingereza na kuunganishwa ziwani. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga na nyinginezo. Shirika la reli ndilo lililoziendesha meli hizo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, meli zilizokuwapo zikagawanywa. Mwanachama mmoja aliyekulia Mbita alitukumbusha kwamba usiku usio na mbalamwezi Ghuba ya Winam hujaa taa za wavuvi wa omena, zamani karabai, siku hizi za sola. Lakini hizo zinamwita samaki, hazimwongozi nahodha.

Swali lililotugawa lilikuwa hili: nani alipie taa za kuongoza meli? Wengine walisisitiza wenye meli, wengine serikali. Mimi niko upande wa wanaosema kuzindua taa ni rahisi, kwa kuwa kuna utepe wa kukata na picha za kupigwa. Gharama ya mtu wa kufuta kioo ndiyo isiyopata mfadhili.

Ndiyo maana kamati inaleta pendekezo ambalo halitawafurahisha wote. Tusiandae dhifa ya mwaka. Fedha hizo ziende kwenye kunakili kanda na picha zetu za zamani, ambazo zinaota ukungu kabatini, na kumlipa kijana atakayezipanga na kuzitunza mwezi baada ya mwezi. Najua kuna waliokwisha kuchagua nguo za dhifa. Watapata nafasi ya kulipinga kabla ya kura.

Kwanza hesabu. Mweka hazina, karibu mbele.