YAH: Navigesheni ya "foleni laivu" mliyoniuzia, nirudishieni hela yangu

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nimeshawapigia, nimeshawatumia meseji WhatsApp, tiki zikawa za bluu halafu kimya, kwa hiyo sasa naandika barua kabisa iwe kwenye maandishi asije mtu akasema hakupewa taarifa.

Mimi ni yule mteja wa gari ya silva, risiti nimeambatisha. Kwenye gari yenyewe sina neno, injini nzima, AC inapuliza, mafuta inakula kistaarabu. Shida yangu ni ile skrini pale katikati ya dashibodi. Tangazo lenu liliandika "full navigesheni, foleni laivu", skrinshoti ninayo, na muuzaji wenu pale yadini akanibonyezea nikaona ramani ya Japani, akasema msiwe na wasiwasi bosi, tukiiwekea ramani ya huku inakuja hivihivi ila barabara za Dar, na foleni inaonyesha yenyewe. Kwa hiyo kadi ya memori yenye hiyo ramani pamoja na ufundi mkanichaji laki tatu na nusu juu ya bei ya gari.

Haya, ramani kwanza. Nikitoka Posta kwenda Masaki napita Daraja la Tanzanite, ambalo magari yameanza kupita mwaka 2022. Nikishapita Aga Khan tu nikaanza kupanda daraja, mshale wangu kwenye skrini unaingia baharini. Yaani kabisa, rangi ya bluu, gari inakata maji mpaka Coco Beach, na yule dada wa ndani ya skrini muda wote ananisihi nigeuze. Ubungo nako hivyohivyo, Kijazi Interchange imefunguliwa 2021, ina ngazi tatu, dunia nzima inaijua, ila kwa ramani yenu pale bado ni makutano ya kawaida ya Morogoro Road na Mandela. Tazara, flaiova ya Mfugale ya 2018, nayo haipo. Sasa hiyo ramani mliyoniuzia kwa hela ya leo ni ya mwaka gani jamani? Nikauliza naipataje mpya, fundi wenu akasema "mpya haijatoka". Nani anayeitoa sasa, maana kwenye menyu hakuna hata sehemu ya kuapdeti.

Lakini ramani ya zamani ningeweza kuvumilia, Dar naijua. Kilichonifanya nilipie ni foleni, na hapo ndipo mlipokosea zaidi, kwa hiyo nisomeni vizuri.

Nilipowapigia mara ya kwanza mtu wenu akaniambia "endesha tu, itajisoma yenyewe kidogokidogo". Nikaendesha. Haikujisoma. Mwingine akaniambia niingie kwenye menyu niwashe kitufe cha VICS. Nikawasha, nikasubiri, hakuna kitu, si rangi si alama, Mwenge saa kumi na moja jioni magari yamesimama mpaka wauza karanga wanapita dirisha kwa dirisha na skrini inaniambia nafika dakika tisa.

Basi nikakaa nikasoma VICS ni kitu gani. Ni mfumo wa Japani wa kutoa taarifa za foleni barabarani, ulianza 1996, na taarifa zinafika kwenye gari kwa mawimbi ya redio ya FM ya kulekule Japani pamoja na vifaa maalumu vilivyofungwa kando ya barabara zao. Gari inapokea tu kile kinachorushwa. Dar hakuna anayerusha, Mwanza hakuna, Tanzania nzima hakuna. Kwa hiyo kitufe mlichoniambia niwashe kinasikiliza matangazo yaliyoko ng'ambo ya bahari, niwashe nisiwashe ni yaleyale.

Na msiniambie hamkujua. Kila gari ya Japani mnayoshusha bandarini redio yake ya FM inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, na sote tunajua stesheni zetu ziko 88 mpaka 108, ndiyo maana nyinyi wenyewe mnatufungia ekspanda, kile kifaa cha kuzivuta stesheni za huku ziingie kwenye redio hiyo, ili mtu apate redio ya kusikiliza asubuhi. Ekspanda mlinifungia, na mkaniambia sababu, redio ya Japani haishiki ya huku. Sasa kama redio mlijua haishiki, foleni inayopita kwenye hiyohiyo FM ya Japani mlidhani itashika vipi? Hilo swali naomba lijibiwe na mtu anayejua, sio yule wa "itajisoma".

Kuna na ile sauti ya mama wa Kijapani ndani ya gari. Kila nikiwasha gari anazungumza sentensi ndefu kwa heshima zote, watoto wangu sasa wanamuitikia "shikamoo". Nimekuja kuambiwa anasema kadi ya ETC haijawekwa, kadi ya kulipia barabara za kulipia huko kwao. Hilo sidai hela, nawaambia tu mjue kwamba mnauza magari ambayo kila asubuhi yanamdai mtu kadi ya barabara ya Japani. Mngeweza kumzima kabla ya kunikabidhi.

Na betri ilipobadilishwa skrini nzima ikajifunga, ikawa inadai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Unajua nilisomaje? Nilielekeza kamera ya simu pale kwenye skrini, simu ikanitafsiria. Simu ndiyo ilinifungulia njia ya kujua navigesheni yenu inataka nini.

Tuje kwenye simu basi, kwa sababu jibu la mwisho nililopewa na fundi wenu, na alicheka kabisa, ni "bro si utumie tu simu". Sawa, natumia. Simu yangu ya kawaida, tena kioo kimepasuka pembeni, Google Maps inalijua Daraja la Tanzanite, inazijua njia za juu zote, na foleni inaionyesha ya sasa hivi. Na haihitaji vifaa vyovyote vya kufungwa kando ya barabara. Simu za watu wote walioko kwenye ile barabara wakiwa wamewasha lokesheni ndizo zinazotoa taarifa, zikienda polepole barabara inakuwa nyekundu, zikienda mbio inakuwa kijani. Waze nayo, ambayo Google waliinunua 2013, watu wanaripoti wenyewe ajali na barabara iliyofungwa. Mvua ikinyesha Jangwani pakajaa maji Morogoro Road ikafungwa, simu inanizungusha nikiwa bado Magomeni. Skrini yenu siku hiyohiyo iling'ang'ania nishuke Jangwani moja kwa moja, kwenye maji, na mabasi ya mwendokasi yenyewe yamesimamishwa.

Sisemi simu haina makosa, isije mkadhani nimelipwa na Google. Ukiiweka juani pale kwenye dashibodi mchana inapata moto mpaka inagoma. Bando likiisha rangi za foleni zinapotea, unabaki na ramani uliyoidanlodi kama ulikumbuka kuidanlodi. Inapenda kukuingiza vichochoro vya Sinza na Mwananyamala eti umeokoa dakika tatu, kumbe huko kuna mashimo ya kuoga mtoto na bajaji imeharibika katikati. Na trafiki akiamua kuzima taa aongoze kwa mkono kwa sababu kuna msafara, hakuna chombo kinachojua, mnakaa wote. Halafu kuna suala la kuishika, ukikutwa na simu mkononi unaendesha ni faini, na ni hatari kweli, mimi nimefunga hoda ya kushikilia simu ya elfu kumi na tano ya Kariakoo inayocheza kila tukipita tuta.

Kwa hiyo ramani ya ndani ya gari ina faida zake, nakubali. Skrini kubwa, haili bando, haipati moto, ukiwa njia ya Chalinze kwenda Segera mtandao ukakatika yenyewe inaendelea kwa sababu setilaiti za GPS hazihitaji laini ya simu. Mngeniambia ukweli, "bosi hii ni ramani tu, haina foleni, na ni ya zamani kidogo", tungeelewana bei na nisingeandika hii barua. Ila mliniuzia kwa jina la foleni laivu, na foleni laivu ndiyo kitu pekee ambacho hicho chombo hakiwezi kufanya nchi hii hata mkiniitia mafundi wote wa yadi.

Ninachotaka sasa. Laki tatu na nusu yangu ya kadi na ufundi irudi yote, sio "tutakufidia kwenye sevisi ijayo". Au kama hela mmeshaitumia, nifungieni skrini inayopokea simu, zile zenye Android Auto na CarPlay, ili ramani ya simu ionekane pale katikati na mimi niachane na hoda ya kucheza, kazi na kifaa kwa gharama zenu. Mchague moja, mimi yoyote sawa.

La pili, toeni hayo maneno "foleni laivu" kwenye matangazo yenu. Jana nimeyaona tena kwenye gari nyingine, tena mmeongeza na nyota tano. Kuna mtu anakopa saccos kununua hiyo gari. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja na Tume ya Ushindani, FCC, ipo hapahapa mjini, sijaenda bado kwa sababu nataka tumalizane wenyewe, ila faili nimeshaliandaa, tangazo, risiti, video ya gari ikiogelea kwenda Coco Beach, na sauti ya mtu wenu wa "itajisoma".

Nipo Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Nijibuni kwa meseji kama nije kuchukua hela au nije kufungiwa skrini, na kama ni kufungiwa mniambie mapema ni skrini ya aina gani ili nisije nikakabidhiwa nyingine ya Kijapani.

Mteja wenu,
mwenye gari ya silva

Viambatisho: risiti, skrinshoti ya tangazo, video.